Pua ya Dobi na Glasi Tatu

Kwa aliyechelewa kufika kwenye safu hii, mimi ndiye yule dobi wa kona. Nafua, napiga pasi na nakunywa bia. Nina wajukuu wawili na sijawahi kulewa hata siku moja. Anayetaka kununa anune, nafasi ipo.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnaujua ubao wangu. Ni ubao mweusi wa shule, nimeutundika nje ya mlango wa duka langu, na kila Ijumaa naandika bia ya wiki na alama zake juu ya ishirini. Tano za povu, tano za harufu, tano za funda la kwanza na tano za mkia. Mkia ni kile kinachobaki kooni ukishameza. Jina hilo sikufundishwa na mtu, nimelitunga mwenyewe.

Kila bia nainywa mafunda matatu tu. La kwanza la kusalimiana, la pili la kuulizana habari, la tatu la kuagana. Chupa iliyobaki naifunika kisosi, naiacha jikoni, na mume wangu hunimwagia. Au ndivyo nilivyoamini.

Pua yangu imesomeshwa na madoa. Miaka thelathini na mitatu nanusa kola za watu. Niletee shati, nitakwambia umekula nini, umekaa na nani, na kama jasho lako ni la kazi au la uongo. Bia ilinikuta tayari nimehitimu.

Sasa, wiki iliyopita niliishia kwa Bwana Pipa. Huyo ndiye mpika bia wa mtaa wetu, ambaye kiwanda chake kidogo na baa yake viko chini ya paa moja. Bia yake ya dhahabu nilikuwa nimeipa alama nne. Nne kwa ishirini! Niliandika hivi: "Inanuka siagi iliyochacha. Bia yenyewe haina kosa. Mpira unaoitoa pipani kuipeleka bombani ndio mchafu."

Akaja, hakusalimia mtu, akaufuta ubao wangu kwa mkono wa shati lake jeupe.

Nikamwambia, "Asante. Shati hilo utaniletea mimi nilifue."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Palepale akanipa sharti. Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye baraza la baa yake, mbele ya mtaa mzima, nitawekewa glasi tatu. Mbili zimechotwa moja kwa moja pipani, moja imepita kwenye mpira. Niitaje hiyo moja, mara tatu mfululizo. Nikiweza, ataufungua mpira na kuuosha watu wakitazama. Nikishindwa, nitaufuta ubao kwa mkono wangu mwenyewe na sitampa mtu alama tena maishani.

Nikasema sawa, nikaziandika upya alama zile alizozifuta. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Basi sikilizeni ujinga wangu.

Glasi ya kuonjea bia haioshwi kwa sabuni. Sabuni huacha utando, na utando huua povu. Mimi zangu naziosha kwa siki, halafu maji mengi. Jumanne nilikuwa dukani nikiziosha, huku nikiisema kimoyomoyo hotuba nitakayomtolea Bwana Pipa akishindwa. Nikafika pale patamu pa hotuba. Nikaimwaga siki yote kwenye beseni lililokuwa karibu na mguu wangu.

Beseni lile lilikuwa na dawa ya kung'arisha mashuka.

Dobi yeyote, hata aliyeanza juzi, anajua kwamba dawa ile na siki havikai chombo kimoja. Mimi ndiye ninayewaonya wengine! Mvuke ulinipanda puani kama moto. Nilitoka mbio hadi barabarani nikikohoa, machozi yananitiririka, na wapita njia wakaniuliza nani amekufa.

Muuguzi wa zahanati alinimulika puani kwa tochi.

"Umejiunguza. Utapona."

"Lini?"

"Wiki mbili. Labda tatu."

"Nina shughuli Jumamosi."

"Shughuli gani hiyo inayotaka pua?"

Nikamlipa, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani nikafungua chupa ya bia ya ngano, ile yenye mawingu, ambayo hunukia ndizi mbivu kuanzia mlangoni. Nikanusa. Hakuna kitu. Nikapiga funda. Ilikuwa baridi, basi, hapo ndipo sifa zake zilipoishia. Nikakaa kwenye kigoda jikoni nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa kwikwi.

Mume wangu ni fundi saa. Ana subira ya watu wanaoshinda na vitu vidogo. Akanipangusa uso, akasema, "Mama Pacha, mwambie Bwana Pipa muahirishe."

"Atasema nimeogopa."

"Mwambie ukweli."

"Atasema nimejitengenezea ugonjwa."

"Basi soma daftari lako. Huenda kichwa kikakumbuka ambacho pua imesahau."

Ndiye mume niliyenaye. Bia hajawahi kuionja. Alipokuwa na miaka ishirini mama yake alimkalisha kitako akamwapisha asiguse kileo, na leo ana miaka hamsini na miwili, hajagusa. Lakini glasi zangu ananifutia, na alama zangu anazisoma kwa sauti kuona kama zinajumlika. Na mimi simfichi kitu. Kila funda nililowahi kunywa analijua. Ndoa yetu imesimama juu ya hilo, na nimelisema humu gazetini zaidi ya mara moja, kwa majivuno.

Huyo mama yake anaishi nasi. Mnamkumbuka. Ndiye aliyesema nyumba yenye bia haina baraka. Ndiye anayefungua dirisha kila nikifungua chupa. Ndiye aliyewaambia wageni wangu, mbele yangu, kwamba mwanawe alioa dobi akaletewa mlevi.

Jumatano nikachukua daftari langu kwenye droo ya meza. Likaniponyoka, likaanguka chali, likafunguka kwa nyuma.

Kurasa za nyuma sijawahi kuziandika. Zilikuwa zimeandikwa.

Ni kalamu ya risasi, herufi kubwakubwa, zinayumba kidogo. Nikasoma nimesimama.

"Nyeusi ya chupa fupi. 15. Mkwe kaipa 12, hana haki. Kahawa imeungua kidogo lakini inaaga vizuri."

"Ile chungu ya maganda ya chungwa. 9. Mkwe kaipa 16. Huyu amependa picha ya chupa."

"Ya ngano. 17. Isiwe baridi mno."

Na mwisho kabisa: "Ya Pipa. 4. Mpira mchafu."

Pembeni aliweka tarehe. Ilikuwa siku niliyoleta nyumbani jagi la bia ya Bwana Pipa, siku nzima kabla sijaandika chochote, si kwenye daftari, si ubaoni. Hakuninakili. Aliionja, akajua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama mkwe wangu alikuwa ananinywea mabaki, tena ananisahihisha.

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Halafu nikarudi kwenye ile nyeusi ya chupa fupi nikafikiri sana. Alikuwa na haki. Kumi na mbili ilikuwa uonevu.

Alhamisi alikuja dukani kama kawaida yake kunisaidia kukunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha mbili huku, mwingine ncha mbili kule, mnavuta, mnasogeleana, mnakabidhiana. Katika kusogeleana kwa pili nikamwuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, ile nyeusi. Kwa nini kumi na tano?"

Hakudondosha ncha. Alinitazama juu ya shuka, akavuta.

"Inaaga vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuacha chupa wazi. Kisosi si kifuniko."

"Na baraka ya nyumba je?"

"Usinichezee, mkwe wangu. Nina miaka sabini na nne."

Tukalimaliza shuka lile. La pili tukafika katikati. Hapo akazishikilia ncha zake, hakunikabidhi.

"Ukimwambia mwanangu, sitalala tena chini ya paa lenu."

"Kwani ana nini? Atacheka tu."

"Hatacheka. Nilimwapisha akiwa na miaka ishirini. Harusini kwake mwenyewe alikunywa maji. Rafiki zake walimkimbia, akasema mama amekataza. Nitamtazama vipi usoni, niseme kumbe tamu?"

Na mimi nilijua ni tamu.

"Apa," akasema.

"Naapa."

"Apa ukiwa umeshika kitu."

Nikaapa nikiwa nimeshika ncha mbili za shuka la watu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumficha mume wangu, na sikuligundua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwomba mama jambo.

"Njoo Jumamosi. Pua yangu imekufa. Kaa karibu, nipe hata ishara, kohoa."

Akaweka shuka mezani, akalipiga kofi likalala.

"Nikohoe ili ushinde kwa wizi? Uandike hizo alama zako ukiwa na aibu hiyo?"

Akaondoka. Nikabaki na mashuka tisa yasiyokunjika.

Jumamosi saa tisa baraza la Bwana Pipa lilikuwa limejaa. Viti vya plastiki vilijaa, ukuta ukajaa, na waliokosa mahali walisimama kwenye kreti. Ubao wangu ulikuwa umeletwa, umeegemezwa ukutani, na kitambaa cha kuufutia kimewekwa juu yake, kimekunjwa vizuri. Mtu alijisumbua kukikunja.

Bwana Pipa alivaa shati lile lile. Mkewe ndiye aliyeniletea Ijumaa asubuhi, chaki imejaa kwenye mkono wa shati. Nililifua likatakata. Pasi ilinishawishi nilichome kidogo tu pale kwenye kola, nikaikatalia. Kazi ni kazi.

Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia. Yeye ndiye aliyejua glasi ipi ni ipi, na alikuwa ameandika kwenye karatasi akaitia mfukoni. Mume wangu alikaa safu ya mbele. Ubavuni pake, mkoba magotini, alikaa mama yake.

"Nimekuja kushuhudia aibu," aliwaambia majirani kwa sauti, nami nikasikia.

Nikakaa. Mwalimu akaleta glasi tatu.

Nilinusa kwa ajili ya watu tu. Ndani ya pua hakukuwa na kitu. Lakini Mungu hakunipa pua peke yake. Nikatazama. Povu la glasi mbili lilikuwa limelala juu, jeupe, zito. La glasi ya tatu lilikuwa na mapovu makubwamakubwa yanayopasuka, linakimbilia ukingoni. Kitu kichafu kimeligusa hilo.

"Ya tatu," nikasema.

Mwalimu akachungulia karatasi yake. "Ni kweli."

Baraza likalipuka! Mtu aliangusha kreti. Bwana Pipa akaja mbio hadi mezani.

"Ametazama! Hakunusa huyo, ametazama povu!"

"Macho nayo ni yangu," nikamjibu.

"Tulisema pua. Ubaoni uliandika inanuka. Mfungeni macho!"

Mwalimu akanitazama kwa huruma, lakini haki ilikuwa upande wa Bwana Pipa. Akatoa leso yake, akanifunga. Leso hiyo niliipiga pasi mimi mwenyewe wiki hiyohiyo, na ndicho kitu cha kwanza katika siku tano ambacho nilitamani kukinusa nikijua kinanukaje.

Glasi zikabadilishwa. Nikaishika ya kwanza, nikaipasha kwa viganja kama desturi yangu, nikanusa, nikapiga funda. Baridi. Ya pili, baridi. Ya tatu, baridi. Nikarudia. Nikajikaza kisabuni, nikatafuta huo mkia kooni, hata unywele wake. Hakuna.

Ningeweza kubahatisha. Moja kwa tatu, na watu wameshashinda kwa bahati ndogo kuliko hiyo. Nilifungua mdomo niseme "ya pili."

Lakini alama zangu sijawahi kuzibahatisha. Kama ningebahatisha moja, basi zote zilizokuwa ubaoni tangu siku ya kwanza zingekuwa za kubahatisha.

Nikaifungua leso.

"Sinusi kitu," nikasema. "Tangu Jumanne. Nilijiunguza na dawa za kazini kwangu. Sitaki kuwadanganya."

Kikaanza kicheko, na Bwana Pipa ndiye aliyekuwa akikiongoza.

"Mmesikia? Hakimu hana pua! Futa ubao!"

"Nilikuwa nayo nilipoandika," nikasema, nikasimama. "Nilichoandika ni kweli leo, na kesho kitakuwa kweli. Sharti ni sharti, ubao nitaufuta. Lakini neno lile sitalimeza. Mpira wako mchafu, Bwana Pipa. Nasema bila pua, bila ubao na bila alama. Mchafu!"

Uso ukamwiva.

"Mtaa mzima unakunywa hapa! Nani mwingine amewahi kusema bia yangu imechacha? Mmoja tu! Ajitokeze hata mmoja, niufungue mpira sasa hivi!"

Watu wakatazama glasi zao. Siwalaumu. Wameizoea ladha ile kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake.

Mimi nilimjua huyo mmoja. Alikuwa hatua nne kutoka nilipo, ameinamia mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakimo. Ningeweza kumtaja. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikazikumbuka ncha za shuka, nikalimeza, nikauendea ubao nikachukua kitambaa.

Nikasikia kiti kinakwaruza nyuma yangu.

"Weka kitambaa chini."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Mama, unakwenda wapi?" mume wangu akauliza. "Choo kiko upande huu."

"Nishikie mkoba."

Akaja hadi mezani, akaketi kwenye kiti changu, akavua miwani, akaikunja. "Mwalimu, zibadilishe glasi zako. Kisha nifunge macho. Kaza, wasije wakasema."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alibadilisha glasi, akafunga leso. Mama mkwe akaishika glasi ya kwanza kwa viganja viwili, akaipasha, akanusa, akapiga mafunda matatu, akaiweka. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu aliinusa tu, akakunja uso, akairudia ya pili kidogo, akatabasamu. Mtu mzima yeyote aliyekuwa pale aliona kwamba mikono ile haikuwa inafanya jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Haya, taja!" akasema Bwana Pipa. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Subiri. Mpira wako umengoja mwaka mzima kuoshwa, utangoja dakika mbili." Akageuza uso huku na huku. "Mwanangu, uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Njoo karibu. Usinifungue macho, niache hivi hivi."

Mume wangu akaja, mkoba wa mama yake umemning'inia mkononi.

"Kabla sijataja glasi, nina langu," akasema mama mkwe. "Mabaki ya mkeo jikoni nayanywa mimi. Muda mrefu sasa. Nayapenda. Kile kiapo nilikuapisha kwa kitu nisichokijua, na nilipokijua nikaona haya kukufungua. Nisamehe. Ningesema mapema, sikuwa na uso."

Mume wangu akauhamishia mkoba mkono wa pili. Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na moja, naijua kila sura yake, na hiyo sikuijua. Akamtazama mama yake aliyefungwa macho. Akazitazama glasi tatu. Kisha akanigeukia mimi, nimesimama na kitambaa mkononi, na nadhani aliona usoni mwangu kwamba sikushangaa.

"Wewe ulijua?" akaniuliza.

"Tajeni glasi!" akapiga kelele Bwana Pipa.

Mama mkwe, mkono mmoja juu ya mdomo wa glasi, leso bado usoni, alielekeza sikio upande wangu, akingoja kusikia nitamwambia nini mwanawe. Nilichomjibu mtakisoma wiki ijayo.